Kifurushi cha basi, leseni na Posta: kwa nini serikali inaingia katika safari ya barua

Nilimtumia shangazi yangu aliyeko Songea miwani ya kusomea. Niliiweka ndani ya boksi la viatu, nikalizungushia selotepu mara nne, juu nikaandika kwa maka peni jina lake, namba yake ya simu na neno SONGEA kwa herufi kubwa. Pale Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, karani wa kampuni moja ya mabasi alilipima boksi kwa macho, akataja bei, akanipa karatasi isiyozidi kiganja cha mtoto. Nyuma yake palichapwa maneno haya: "Mzigo ukipotea kampuni haitahusika."

Siku ya nne shangazi akapiga simu: mwanangu, mbona kimya? Boksi halijafika. Nikarudi Mbezi. Karani akanielekeza kwa dereva. Dereva akasema alimkabidhi konda. Konda, nikaambiwa, amehamia gari la Tanga. Miwani haijaonekana hadi leo, na katika mlolongo ule wote hapakuwa na mtu ambaye ningeweza kumshika na kumwambia, mzigo huu uko juu yako.

Naikumbuka karatasi ile kila Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, inapotangaza kwamba mabasi yanayobeba vifurushi na vipeto yanatakiwa kuwa na leseni. Kenya nako Mamlaka ya Mawasiliano imewahi kutoa onyo la namna hiyo kwa wenye matatu na mabasi. Tangazo likitoka, mjadala huwa uleule, iwe kwenye daladala, saluni au magrupu ya WhatsApp ya ukoo. Mmoja anasema serikali sasa inataka kula hadi kwenye kiroba cha unga wa bibi. Wa pili anasema wanailinda Posta yao iliyokwisha kufa. Wa tatu anauliza, kwani TCRA si watu wa simu na redio, barua zinawahusu nini? Maswali yote matatu ni ya haki, ila majibu yake yanatutaka turudi nyuma kidogo.

Posta ni nini hasa

Neno lenyewe linachanganya. Mkazi wa Dar es Salaam akisema anakwenda Posta, mara nyingi anamaanisha katikati ya jiji, kituo cha Posta Mpya pale Azikiwe au Posta ya Zamani karibu na bahari, na huenda hajaingia ndani ya ofisi ya posta kwa miaka 10. Hiyo ni maana ya kwanza: mahali. Maana ya pili ni shirika, yaani Shirika la Posta Tanzania, mali ya serikali, lenye masanduku yale ya S.L.P., stempu na EMS, huduma yake ya vifurushi vya haraka. Maana ya tatu, ambayo ndiyo inayoishughulisha sheria, ni kazi: kupokea barua, kifurushi au kipeto cha mtu kwa malipo, kukisafirisha na kukikabidhi kwa mtu mwingine. Kwa maana hiyo, karani aliyechukua boksi langu alikuwa anafanya kazi ya posta. Kijana wa bodaboda anayepeleka viatu vilivyoagizwa Instagram naye anafanya kazi ya posta. Yeye hajioni hivyo anapowasha pikipiki asubuhi, lakini sheria inamwona hivyo.

Neno la pili ni udhibiti. Wengi wakilisikia wanawaza kubanwa. Katika huduma kama hii, udhibiti ni kuweka masharti: nani aruhusiwe kuifanya, kwa ubora gani, bei ipangwe vipi, na mteja akiumizwa aende wapi. Anayeshika kazi hiyo ni mdhibiti. Kwa Tanzania ni TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na inasimamia simu, utangazaji na posta kwa pamoja. Mengi ya masharti hayo yanatokana na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kwa hiyo barua ni kazi yake tangu mwanzo.

Neno la tatu ndilo lenye uzito wote: huduma ya posta kwa wote. Hili nitalieleza kwa daladala.

Gari linalokatisha ruti

Kila aliyeishi Dar es Salaam anajua maana ya kukatisha ruti. Gari limeandikwa ubavuni safari nzima, lakini likikaribia mwisho konda anagonga bodi, "Tunageuza hapa, shukeni wote." Abiria wa mwisho wa ruti wanashuka na mizigo yao, wanabaki wakitafuta bajaji. Konda ana hesabu yake: huko mbele abiria ni wachache, barabara ni mashimo, na akigeuza sasa anajaza gari upya. Kwa mfuko wake yuko sahihi. Ndiyo maana LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, na trafiki wanamwekea sharti: ukipewa ruti, ifike mwisho.

Sasa weka barua mahali pa abiria. Jengo moja la ghorofa Kariakoo lina maduka na ofisi kadhaa. Mtu mmoja akiwa na mkoba mmoja anakabidhi barua zote kwa nusu saa. Barua moja ya kisiwani Ukerewe inahitaji gari hadi Mwanza, kisha kivuko, kisha mtu wa kuifikisha. Ukiwaacha wabeba barua wachague wenyewe, wote watagombania Kariakoo, Arusha mjini na Mwanza mjini. Watachagua mchele, chuya watamwachia mwingine. Wala si kwa ubaya. Hesabu ndivyo inavyowaelekeza.

Huduma ya posta kwa wote ni serikali kusema: angalau mbeba barua mmoja nchini haruhusiwi kukatisha ruti. Atafika kila wilaya, kwa siku zinazojulikana, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na bei ya stempu haitapanda kwa sababu anayeandikiwa anakaa mbali. Katika nchi nyingi za Ulaya sharti hilo linamaanisha barua kufika mlangoni. Kwetu, tangu enzi, limemaanisha sanduku katika ofisi ya posta, na S.L.P. ya shule au ya parokia imebeba barua za kijiji kizima. Nani hakuwahi kuandika "kwa mkono wa Mwalimu Mkuu" kwenye bahasha?

Lakini safari ya Ukerewe haijilipi kwa bei ya stempu. Fedha zitoke wapi? Jibu la zamani lilikuwa mjini kuwalipia wa kijijini: barua ya Kariakoo inatozwa zaidi kidogo ya gharama yake, na kile kinachobaki kinaisukuma ya kisiwani. Na ili hesabu hiyo isivunjike, sheria zilizuia wengine wasiingie kwenye barua nyepesi. Huo ndio ukiritimba wa posta. Watu wengi wanadhani uliwekwa kwa sababu serikali hazipendi ushindani. Chanzo chake ni hiki: ukimruhusu mwingine achukue Kariakoo peke yake, Ukerewe inakosa mlipaji.

Umoja wa Ulaya ulilifungua kufuli hilo hatua kwa hatua. Mwaka 1997 nchi wanachama ziliruhusiwa kuitengea posta ya taifa barua zisizozidi gramu 350. Mwaka 2003 kikomo kikashushwa hadi gramu 100, mwaka 2006 hadi gramu 50, kisha kikaondolewa kabisa. Kushuka polepole hivyo kulikuwa na sababu: mdhibiti alikuwa anaipa posta muda wa kutafuta fedha za Ukerewe zake mahali pengine.

Niseme na upande wa pili, maana ukiritimba una ugonjwa wake. Anayejua huna pa kwenda hana haraka na wewe. Madirisha sita na karani mmoja, foleni hadi mlangoni, barua ya mwezi wa 3 inayofika mwezi wa 6: hayo yameletwa na kukosekana kwa mtu wa kumuuliza mwenye ukiritimba maswali magumu. Ukiritimba bila mdhibiti ni mbaya kuliko soko huria.

Uingereza walikuwa wakibipu kabla ya simu

Hadithi moja inaonyesha jinsi sharti la serikali linavyoweza kuigeuza posta kuwa ya watu wote, nayo ni ya Uingereza mwaka 1840. Kabla ya hapo anayepokea barua ndiye aliyelipa, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Kurasa mbili, bei mara mbili. Maskini wakabuni ujanja ambao sisi tunaujua vizuri sana: kubipu. Kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi anakubaliana na mama yake alama ya kuweka juu ya bahasha. Mama anaipokea barua, anaitazama nje, anaona alama ya "mzima wa afya", kisha anamrudishia mbeba barua: sina hela, irudishe. Ujumbe umefika, posta haijapata kitu.

Rowland Hill, Mwingereza aliyepigania mageuzi ya posta, alichunguza gharama akagundua kwamba umbali si mzigo mkubwa kama watu walivyodhani. Gharama iko kwenye kuhesabu, kuandika kila barua kitabuni, na kumsubiri mtu mlangoni atafute sarafu. Pendekezo lake likawa: bei moja nchi nzima, peni moja kwa barua nyepesi, na anayetuma alipe kabla. Ili kuthibitisha kwamba amelipa, abandike kikaratasi chenye gundi. Hiyo ndiyo stempu ya kwanza duniani. Wabunge, waliokuwa wakituma barua bure, nao wakaondolewa fadhila hiyo. Mwaka 1839 posta ya Uingereza ilibeba barua takriban milioni 76. Mwaka uliofuata zikawa kama milioni 169.

Sehemu inayosahaulika ni hii: faida ya posta ilianguka, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kurudi pale ilipokuwa. Mfanyabiashara anayeangalia hesabu za mwaka asingevumilia. Bunge lilivumilia kwa kuwa lilitaka watu waandikiane, na kile ambacho biashara zilivuna kutokana na barua za bei nafuu hakikuonekana kwenye vitabu vya posta.

Pwani yetu nayo ilikuwa na barua kabla ya stempu. Zilikwenda na manahodha na wafanyabiashara, kwa kuaminiana, kutoka Lamu hadi Unguja, hadi Muscat. Posta yenye muhuri ilikuja na dola za kigeni: Wajerumani walifungua wakala wa posta Lamu mwaka 1888, wakaufunga 1891, na Zanzibar ikawa na posta yake chini ya Waingereza mwaka 1895. Nahodha alimjua mwenye barua na watu wake. Mfumo mpya ulihudumia watu wasiojuana, na watu wasiojuana wanahitaji sharti lililoandikwa.

Mwenye timu asipulize filimbi

Kwa muda mrefu Afrika Mashariki haikuwa na mdhibiti wa posta kwa maana ya leo. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilimiliki ofisi, lilipanga bei, lilitoa huduma na lilijisimamia lenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua kipande chake na kuendelea vilevile. Ni kama mechi ya Simba na Yanga ambayo rais wa klabu moja ndiye anayepuliza filimbi. Hata akiwa mwadilifu, nani atamwamini?

Mageuzi ya Tanzania yalikuja kwa sheria za mwaka 1993. Shirika la Posta na Simu likagawanywa: simu zikaenda TTCL, barua zikaenda Shirika la Posta, na filimbi ikapewa chombo cha tatu, Tume ya Mawasiliano, ambayo miaka 10 baadaye ilimezwa na TCRA. Kenya ilifuata njia hiyohiyo mwaka 1999: Telkom Kenya, Posta, na tume ya udhibiti ambayo leo ndiyo Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Tangu hapo kofia ni tatu. Wizara inatunga sera, shirika linafanya kazi, mdhibiti anasimamia wote, wa umma na wa binafsi. Anayesema "TCRA wanailinda Posta yao" anachanganya kofia. Posta si ya TCRA. Posta nayo inashika leseni ya TCRA na inapaswa kuhojiwa kama wengine.

Kutenganisha huko kulikuwa sahihi, lakini kulifanywa na kasoro moja ambayo hadi leo inatuuma. Katika mashirika mengi ya posta na simu duniani, simu ndiyo iliyokuwa ikiingiza fedha na barua zililelewa humohumo, kama mdogo anayesomeshwa kwa mshahara wa kaka. Siku ya kugawana nyumba, kaka aliondoka na mshahara wake. Kwa Tanzania, Benki ya Posta nayo ilikuwa imeshajitenga, ikaanza kazi peke yake mwaka 1992. Posta ikabaki na majengo makubwa, barua, na sharti la kufika kila mahali. Kisha ikaja imeli, zikaja simu za mkononi, zikaja kampuni za vifurushi vya haraka zikachukua wateja wa mjini. Barua ya Kariakoo iliyokuwa ikimlipia mtu wa Ukerewe ikatoweka, sharti la Ukerewe likabaki palepale.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema WhatsApp peke yake ndiyo iliyoiangusha Posta. WhatsApp ilichukua salamu. Haiwezi kubeba miwani, pasi ya kusafiria, mbegu au vipuri vya cherehani. Kilichoiumiza Posta ni kupewa wajibu bila kuonyeshwa nani anaugharamia, na huo ni uamuzi wa kisera ambao ungeweza kufanywa vingine.

Leseni inafanya kazi gani

Turudi Mbezi. Leseni ya vifurushi ni mkataba kati ya mbebaji na umma, mdhibiti akiwa shahidi. Mwenye leseni anajulikana jina na ofisi. Anatakiwa kutoa risiti, kutunza kumbukumbu za alichopokea na alichokabidhi, kuwa na utaratibu wa malalamiko na wa fidia. Leseni ziko za madaraja tofauti, kwa sababu anayezunguka ndani ya mji mmoja hawezi kutwikwa masharti ya anayevuka mipaka ya nchi. Sentensi ile nyuma ya karatasi yangu, "kampuni haitahusika", ndiyo hasa ambayo udhibiti unakuja kuifuta.

Kuna jambo lingine zito zaidi: siri. Ukikabidhi bahasha, umekabidhi maisha yako. Ndani kuna majibu ya hospitali, hati ya kiwanja, barua ya talaka. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi, na mbeba barua ni wa kwanza kuitwa na ibara hiyo. Wakati huohuo mbebaji asiyejulikana ndiye anayetumiwa kupitisha dawa za kulevya na nyara za serikali. Mdhibiti anatakiwa kuyashika yote mawili: bahasha yako isifunguliwe ovyo, na boksi la hatari lisipakiwe chini ya viti vya abiria 50.

Hoja ya kwamba leseni ni njia ya kukusanya fedha siitupi. Ada ikiwa kubwa na fomu zikiwa ndefu, mwenye bodaboda mbili hataacha kubeba. Ataendelea kubeba kwa kujificha, na mteja wake atabaki na karatasi kama yangu. Mimi ningependa mbebaji mdogo asajiliwe kwa ada ndogo sana na kwa simu, kisha nguvu za ukaguzi zielekezwe kwa kampuni kubwa zinazopakia maboksi mamia kila usiku. Mdhibiti anayehesabu mafanikio yake kwa fedha za leseni amepotea njia.

Nyumba ya tatu baada ya mwembe

Kazi nyingine ya serikali katika posta haionekani kabisa: anwani. Hakuna kampuni binafsi itakayotaja mitaa ya nchi nzima kwa majina na kuzipa nyumba namba, kwa sababu ikishamaliza, washindani wake wote wataitumia bure. Kwa hiyo isipofanywa na serikali haifanyiki, na mjumbe anabaki kupiga simu: "Umefika kwenye mwembe? Nyumba ya tatu, geti la bluu, uliza kwa Mama Asha."

Tanzania ilianza na postikodi ya tarakimu tano. Tarakimu ya kwanza ni kanda, mbili za kwanza zinataja mkoa, tatu zinataja wilaya, zote tano zinakufikisha kwenye kata. Kisha tarehe 8 Februari 2022, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, ikaenda sambamba na maandalizi ya sensa ya Agosti mwaka huo. Vibao vile vya mitaa na namba za milango ulivyoviona vikibandikwa ni sehemu ya kazi hiyo. Kwenye posta vina maana kubwa: bila anwani ya nyumba, huduma haiwezi kutoka kwenye sanduku la S.L.P. kwenda mlangoni, hata magari yakiwepo. Kwa sasa wengi tunatumia namba ya simu kama anwani, na mashirika yenyewe yamefuata huko: Kenya ina MPost, Tanzania ina Posta Kiganjani, ambazo zinaifanya namba yako ya simu kuwa sanduku lako.

Nje ya mipaka kazi hii inafanywa kwa mikataba. Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa Bern mwaka 1874, na nchi zikakubaliana kupokea na kusambaza barua za kila mmoja. Kwa karibu miaka 100 kila nchi ilibaki na fedha za stempu zake bila kumlipa aliyesambaza, kwa imani kwamba kila barua inayokwenda huleta jibu. Hesabu hiyo ilivunjika pale baadhi ya nchi zilipopokea nyingi kuliko zinazotuma, na tangu 1971 zinalipana. Afrika nayo ina umoja wake wa posta, PAPU, makao makuu Arusha, katika lile jengo refu lililozinduliwa mwaka 2023.

Denmark wamezima barua

Habari iliyowachanganya wengi ni ya Denmark. Tarehe 30 Desemba 2025 PostNord, posta inayomilikiwa na serikali za Sweden na Denmark, ilifikia mwisho wa kusambaza barua nchini Denmark, kazi iliyokuwa imeanza mwaka 1624. Vile visanduku vyekundu vya barua vikang'olewa mitaani. Wenzetu wengine wakasema, mnaona? Hata Wazungu wameifuta posta, sisi tunadhibiti nini?

Ukiangalia kwa karibu, ile ni kazi ya udhibiti mwanzo hadi mwisho. Tangu mwaka 2014 sheria iliwataka wananchi wapokee barua za serikali kidijitali, na asiyeweza akaruhusiwa kuomba kuachwa. Barua zikaporomoka kutoka bilioni 1.4 mwaka 2000 hadi milioni 110 mwaka 2024. Hapo ndipo sheria mpya, iliyoanza Januari 2024, ikaiondolea PostNord wajibu wa kusambaza kwa wote na kulifungua soko. Kampuni binafsi iitwayo Dao ikachukua barua. Na bado serikali inagharamia kwa zabuni usambazaji wa visiwa vidogo na barua za wasioona. Yaani baada ya kuondoa karibu kila kitu, kilichobaki mkononi mwa serikali ni Ukerewe yao. Kwanza walijenga mbadala uliomfikia karibu kila mtu, kisha wakazima cha zamani. Sisi tuna wilaya ambazo intaneti ni ya kupanda kilimani kuitafuta.

Ujerumani nao huwa wanatajwa kama mfano wa kubinafsisha na kumalizana na serikali. Ni kweli hisa za Deutsche Post ziliuzwa sokoni mwaka 2000, na ukiritimba wa barua ukaisha tarehe 1 Januari 2008. Lakini mdhibiti wa Ujerumani bado anaidhinisha bei ya stempu ya kampuni hiyo binafsi, na sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inaitaka ifikishe asilimia 95 ya barua ndani ya siku tatu za kazi. Kubinafsisha kulibadilisha mwenye mali. Sharti la kutokatisha ruti liliendelea kuwepo, na mdhibiti akapata kazi zaidi, kwa sababu mwenye hisa anaangalia faida.

Kwetu swali lililo wazi ni la fedha. Ziko njia kadhaa: bajeti ya serikali ilipe moja kwa moja kwa wilaya zisizojilipa, kampuni zote za vifurushi zichangie kidogo katika mfuko, au Posta ipewe kazi za umma zinazotumia matawi yake, kama ilivyofanyika kwa vituo vya Huduma Pamoja Tanzania, na Huduma Centre ya Nairobi iliyofunguliwa ndani ya jengo la GPO, yaani posta kuu, mwaka 2013. Tanzania tayari ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao tumeuzoea zaidi kwenye minara ya simu vijijini. Mimi naona mchango wa wote ndio wa haki zaidi, kwa kuwa kila anayepakia maboksi ya Kariakoo anafaidi mchele, na chuya ya Ukerewe anamwachia mmoja. Lakini hata njia ya kwanza ingekuwa afadhali kuliko hii ya sasa ya kuandika wajibu kwenye leseni na kuuacha ujitafutie fedha.

Kwa anayetuma mzigo wiki hii: kabla ya kulipa, uliza leseni ya vifurushi ya TCRA, maana leseni ya kubeba abiria ni kitu kingine. Dai risiti yenye jina la kampuni, tarehe, maelezo ya kilichomo na thamani yake, kisha ipige picha. Mzigo ukipotea, andika kwanza kwa kampuni yenyewe na utunze nakala. Wasipojibu au wakikupuuza, peleka malalamiko TCRA ukiwa na nakala hizo. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mteja. Mimi sikuwa na risiti ya namna hiyo. Miwani ya pili ya shangazi niliipeleka dirishani pale Posta na kitambulisho mkononi, nikapewa namba ya kuufuatilia mzigo, nikaandika postikodi ya kata yake juu ya boksi, na chini yake, kwa mazoea, namba ya simu.